Mama Aliyenusa Kaseti

Mtu akimletea kaseti, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinusa. Hakusoma maandishi ya juu, hakuuliza imetoka wapi. Aliipeleka puani, akafumba macho, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kujua maziwa yamechacha au bado, kisha akatoa hukumu. "Hii sawa." Au, mara nyingi zaidi, "Hii taka." Ikiwa taka alikurudishia kwa ncha za vidole viwili, na hata ungekaa pale ukimbembeleza mpaka adhuhuri asingeipokea.

Sisi tuliotoka "daun Kenya", kama wenyeji wa Garissa walivyoiita nchi yote iliyobaki ng'ambo ya daraja la Tana, tulimwita Mama Kaseti. Wasichana wa mtaa walimwita eddo, yaani shangazi. Jina lake halisi nalijua ila sitalitaja, maana najua angenifokea. Miaka yote niliyofundisha shule ya msingi pale mjini nilipanga chumba nyuma ya duka lake. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mabati, kwa hiyo mengi ninayoyasimulia niliyaona, na mengine niliyasikia nitake nisitake.

Duka lenyewe lilikuwa dogo, limepakwa rangi ya bluu iliyochujuka kwa jua. Ndani kulikuwa na redio kubwa ya kaseti mbili, betri ya gari chini ya meza kwa zile siku ambazo stima iligoma, na rafu ya kaseti tupu. Aliuza kaseti hizo na kurekodi sauti za watu. Miaka ile ya tisini simu ilikuwa kitu cha kupangia foleni posta, na wafugaji wengi hawakuandika barua. Mwenye mtoto Nairobi, au kaka Kanada, au mama katika kambi za Dadaab, alimtumia sauti yake. Alikaa kwenye kigoda mbele ya redio akasema ya moyoni, kaseti ikafungwa kwa nailoni, akakabidhiwa msafiri. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo, baada ya mwezi au baada ya mwaka.

Yeye mwenyewe alikuwa na mtu wa kumtafuta. Mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, aliolewa Kismayu, na vita vilipoanza Somalia habari zake zikakatika. Mmoja alisema ameonekana Mombasa, mwingine akasema yuko Yemen, na mwingine akasema amekufa, na huyo hakuruhusiwa tena kukanyaga dukani. Mama Kaseti alikwenda Dadaab, akazunguka kambi zote, akarudi miguu imevimba. Baada ya hapo akafanya lile aliloliweza. Alirekodi ujumbe mmoja, akautoa nakala, akawapa madereva wa malori ya Wajir, Mandera, Elwak na Liboi, na kila dereva alimwomba auweke kwenye redio ya kila hoteli ya chai atakaposimama, waliomo wasikie. Ujumbe ule, kwa Kisomali, niliusikia kupitia mabati mara nyingi hata nikaukariri kabla sijajua maana yake. Alitaja jina la mdogo wake, la baba yao, la babu, akaenda nyuma mpaka mbali huko kama ilivyo desturi yao, ndipo akamalizia: "Mimi niko Garissa, pale pale. Sijahama. Duka la bluu. Ulizia kaseti."

Nakala ya kwanza aliituma kwa kaseti ya ovyo, aliyoiokota sokoni kwa haraka kwa sababu lori lilikuwa linaondoka. Dereva aliporudi alikuwa hamwangalii usoni.

"Wallahi eddo, tuliiweka Wajir, tukaiweka Elwak," alisema. "Watu wanauliza, huyu ni mwanamke ama ni mbuzi?"

Mama Kaseti mwenyewe alinisimulia hayo, tena bila kucheka. Mimi nilicheka, na nikaacha haraka nilipouona uso wake.

"Maalim," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, na p mara nyingi ilimtoka kama b, "labda yeye alikuwa hapo hoteli siku hiyo. Labda alikuwa anakunywa chai. Sauti yangu imebita karibu ya yeye na hakujua ni mimi. Sababu ya kaseti mbaya!"

Tangu siku hiyo alijifunga kibwebwe, na vita vyake vilikuwa na kaseti tupu. Hakuamini sura ya kitu chochote kilichotoka kiwandani. Kwanza pua: kaseti iliyounganishwa kwa gundi ilinuka gundi, na gundi ya aina ile iliyeyuka kwenye joto letu, ganda likaachia njiani. Alitaka ganda lililofungwa kwa skrubu, moja kila pembe na moja katikati. Kisha aliipima mkononi, akaitikisa sikioni, akaizungusha kwa penseli na kusikiliza magurudumu yake. Alichungulia pale mbele kwenye kile kipande cha sufi kinachoubana utepe, na kama hakikuwepo, au kilikuwa sifongo tu, maneno yaliishia hapo. Zilizopita mitihani hiyo bado hazijapita. Katika kila katoni alitoa moja, akairekodi Bismillah yake, akaiweka juu ya paa la mabati toka asubuhi mpaka adhana ya alasiri, akaishusha, akakaa kusikiliza huku kidole kimeinuliwa kuwanyamazisha wateja. Paa la Garissa mchana unaweza kukaangia yai. Kaseti iliyotoka pale ikiwa bado inasema Bismillah bila kigugumizi, katoni yake ilipanda kwenye rafu.

Mchuuzi aliyemletea mzigo kutoka Nairobi alikuwa Mkamba mmoja mcheshi, aliyekuja na mabasi yale yaliyosindikizwa na polisi, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Huyo ndiye aliyethubutu siku moja kumwambia, "Mama, kaseti ni kaseti."

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nasahihisha madaftari. Niliweka kalamu chini.

Alimkalisha kigodani. Akachukua kaseti iliyokuwa imetoka paani, kutoka katoni ya huyo huyo mchuuzi, akaiweka redioni. Sauti ilitoka imevutika, inazama na kuibuka.

"Huyu nani?" akamuuliza.

"Sijui, mama. Mzee fulani?"

"Ni mimi. Mimi niko mbele yako na hunijui. Sasa mtu yangu, miaka mingi hajaniona, atanijua fibi?"

Yule bwana alibeba katoni zake akarudi nazo alikotoka. Safari iliyofuata alileta za skrubu, na nasikia huko Nairobi akawa anazinusa mbele ya wenye maghala mpaka wakamwona kichaa.

Kulikuwa na ugomvi wa dakika pia. Watu walipenda kaseti ya dakika tisini kwa sababu maneno ni mengi na njia ya kuyatuma ni moja. Yeye hakuiweka dukani kabisa. Alisema utepe wake ni mwembamba, joto linauvuta, redio inaula. "Ya sitini," alisema. "Kama maneno yako haienei kwa sitini, hiyo siyo maneno, hiyo ni umbea." Na hapo alikuwa akigombana na desturi za watu wake mwenyewe, maana mtu wa malisho akirekodi huanza na salamu za ukoo mzima, akaja kwa mvua, akaja kwa nyasi, akaja kwa ngamia mmoja mmoja kwa jina lake, na jambo lenyewe lililomleta mjini likatokea mwishoni utepe ukiwa umebaki unene wa kidole. Nilimsikia mara nyingi akibonyeza kitufe na kumkata mzee mwenye ndevu nyekundu za hina katikati ya habari za ngamia. "Adeer, ami yangu, anza na jambo. Ngamia atangoja." Wazee walikasirika, wakaapa hawatarudi, wakarudi.

Kulia hakuruhusu. Kina mama waliosema na watoto wao walio mbali walifika kwenye jina la mtoto tu wakashindwa kuendelea, na yeye palepale alizima, akawamiminia chai, akaurudisha utepe nyuma. "Machozi hayaendi Kanada," aliwaambia. "Maneno ndiyo yanaenda." Mwanzoni nilimwona mkatili. Baadaye niligundua kuwa hakuna hata mmoja aliyetoka mle dukani bila kusema alichokuja kukisema, hata kama alikunywa chai mara tatu.

Chai yenyewe ilikuwa mbaya. Niseme ukweli, mwanamke aliyeweza kusikia mchanga ndani ya kaseti hakuweza kusikia sufuria ikiungua mgongoni mwake. Saa yake ya ukutani ilikuwa nyuma kuliko ya mji mzima, na ukimwambia alisema mji ndio una haraka. Alikuwa mwongo pia, mwongo wa mchana kweupe. Mtu asiyempendeza aliingia akaulizia kaseti, na yeye, rafu imejaa mgongoni pake, akamjibu "Hakuna" bila kupepesa. Alisema nyimbo za mapenzi ni upuuzi unaoharibu vichwa vya redio, lakini alasiri, akidhani nimelala, nilimsikia kupitia mabati akiimba mojawapo toka mwanzo hadi mwisho, na maneno yote alikuwa nayo.

Nilipougua malaria alinijia na maziwa ya ngamia na mchuzi wa mbuzi, akanitukana kwa kulala bila neti, akakaa hapo mpaka nimemaliza bakuli. Ndiyo ilikuwa huruma yake. Ilikuja na makelele, na usingeweza kuikataa.

Hasira yake kubwa kuliko zote nilizoziona ilitokana na vimeno. Kaseti ina vimeno viwili mgongoni. Ukivivunja, redio haiwezi tena kurekodi juu ya kilichomo. Zamani aliwaachia watu wavivunje wenyewe wakitaka. Ndipo akaja mfugaji mmoja wa Bura, mtu wa makamo, amebeba kaseti ndani ya kitambaa kama kitu cha kuvunjika. Mama yake, aliyekuwa kwa binti yake huko Arabuni, alimtumia sauti. Yeye alisikiliza, akafurahi, na akajibu. Akajibu juu ya kaseti ile ile. Kwao chombo cha maziwa kikija kwako kimejaa hukirudishi kitupu, ni aibu. Unatia chochote ulicho nacho ndipo unakirudisha. Kaseti aliiona ni chombo. Aliinywa, akaijaza sauti yake, akamtafuta msafiri. Msafiri hajapatikana, ikaja habari kuwa mama amefariki. Sasa alikuwa amesimama pale dukani, anaomba sauti ya mama itolewe chini ya sauti yake.

"Iko chini," alisema. "Mimi nimeweka juu tu. Toa ya juu, eddo."

Mama Kaseti aliiweka redioni. Tukasikia sauti yake mwenyewe akimweleza mama habari za mbuzi. Alijaribu pembe zote, mwanzo wa utepe na mwisho wake, akitafuta hata pumzi moja iliyobaki. Haikuwepo. Alimwambia ukweli, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, akamkalisha, akampa chai yake mbaya. Yule mtu alipoondoka alirudi ndani akapiga meza kwa kiganja hadi betri ikatikisika. Toka siku hiyo hakuna kaseti yenye sauti ya mtu iliyotoka mle dukani ikiwa na vimeno. Alivivunja mwenyewe kwa kisu, tak, tak, mbele ya mteja, na waliolalamika kuwa amewaharibia kaseti ambayo ingetumika tena aliwaambia waende wakalalamike Bura.

Kwenye rafu, nyuma ya zote, kulikuwa na kopo la majani ya chai, na ndani yake kaseti moja ambayo haikuuzwa. Ilitoka katika katoni bora aliyowahi kupata maishani mwake. Ilikaa paani siku nzima ya kiangazi, akaitoa, akaisikiliza, na aliniambia kwamba hata yeye mwenyewe aliogopa ilivyokuwa safi. "Hii ni ya kumjibu mdogo wangu," alisema. "Siku yeye ataniletea sauti, mimi nitamjibu kwa hii."

Ilifika mvua ile kubwa iliyokata barabara. Mto ulifurika, mabasi yakalala upande wa pili, na rafu ikapungua hadi ikabaki mbao. Mjini ziliingia kaseti za gundi kutoka upande wa mpaka, kila kibanda kikawa nazo, na watu wakamjia wakiwa nazo mkononi wakimsihi awarekodie. Alikataa. Majirani walimsema, wakasema anajifanya, wakasema duka litamfia mikononi. Alipiga moyo konde, akakaa kwenye kigoda chake mbele ya rafu tupu na mikono imekunjwa. Ndipo akaingia mama mmoja aliyetembea kwenye matope kutoka vijijini, mwanawe yuko hospitali Nairobi anasubiri kupasuliwa, anataka asikie sauti ya mama yake kabla ya kisu. Daktari mmoja alikuwa anapelekwa kwa ndege na amekubali kuibeba.

Mama huyo aliliona lile kopo. Sijui alijuaje. Alilinyooshea kidole.

"Hiyo ina mwenyewe," Mama Kaseti akasema.

Nikasimama kabisa nimwambie kitu. Lakini alikwishainama chini ya kitanda chake, akatoa kaseti za arusi yake mwenyewe, za skrubu, zilizojaa ngoma na vigelegele vya watu ambao wengi wao walikuwa wamekufa. Akaziba matundu ya vimeno kwa karatasi ili redio ikubali kurekodi tena, akaifuta ya kwanza, na mama yule akarekodi juu yake. Wiki zile za mvua alizifuta zote, moja baada ya moja, kwa watu wenye shida kama ile. Nilimuuliza kama haoni uchungu.

"Arusi mimi nilikuwako," alinijibu. "Nakumbuka. Lakini yeye mtoto hajui mama atasema nini."

Miaka ilikwenda. Malori yaliondoka na nakala mpya kila zilizotangulia zilipochakaa, na madereva walirudi wakitikisa vichwa. Watu wazima wenye busara zao walimshauri aache, amwombee marehemu dua, apumzike. Mimi sikumshauri, lakini moyoni nilikuwa upande wao. Nilimwonea huruma, na siku nyingine sauti ile ya "sijahama, sijahama" ilinichosha hata nikatamani kuhama mimi. Yeye hakuonyesha kuchoka. Alirekodi, akasikiliza, akavunja vimeno, akamkimbilia dereva na viatu mkononi.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya uhamisho nilipelekwa Wajir kusimamia mtihani wa darasa la nane. Siku ya kurudi, nikiwa nangoja gari, dereva mmoja wa lori lililotoka Elwak na mbuzi alikuja moja kwa moja kwangu.

"Wewe ndio mwalimu ya Garissa? Unakaa kwa yule mama ya kaseti?"

Nikamwambia ndiye mimi.

"Mimi sifiki Garissa safari hii. Bebea yeye hii. Nimebewa na mtu, na yeye amebewa na mtu. Wanasema ni ya mwanamke ya kaseti, basi."

Nilifungua nailoni. Ilikuwa kaseti mbaya kuliko zote nilizowahi kuona. Haikuwa na skrubu hata moja. Gundi ilikuwa imetoka pembeni ikakauka, kioo kimekwaruzwa, kipande cha sufi hakipo, na ganda lilikwishaanza kufunguka upande mmoja. Niliinusa, nikacheka peke yangu kwa kuona nilichokifanya, kisha sikucheka tena. Niliifunga katikati ya nguo zangu, na safari nzima nililipakata begi magotini upande wa kivuli. Abiria mwenzangu aliniuliza nimebeba mayai. Nilimwambia ndiyo.

Nilifika asubuhi. Alikuwa anazungusha kaseti kwa penseli. Nilimpa tu. Huenda ilikuwa habari ya kifo. Aliipeleka puani.

"Gundi," akasema. Halafu akaigeuza, akaiona imeandikwa kwa kalamu jina la babu yao, neno moja tu. Akafunga mlango wa duka. Asubuhi, watu wakiwa nje, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Iweke basi tusikie!" nikamwambia.

"Redio itaikula."

"Mama, ni miaka yote hii!"

"Nimengoja miaka yote hii," alisema, "nitangoja na skrubu."

Alilishusha lile kopo. Akatoa kaseti yake safi, akaifungua skrubu zote, akazipanga mezani. Utepe wake, ule uliongoja miaka yote, aliutoa akauweka kando bila kuutazama. Kisha akachukua kisu akalipasua ganda la gundi taratibu kwenye ule ufa, akainua magurudumu yenye utepe ule dhaifu kwa ncha za vidole, akayahamishia kwenye ganda zuri, akaupitisha utepe mbele ya kile kipande cha sufi, akafunga. Mikono yake haikucheza hata kidogo. Akasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Akasema Bismillah, akabonyeza.

Kwanza yalikuja makwaruzo marefu. Nikaona mabega yake yamepanda. Kisha sauti ya mwanamke, mbali kidogo, kwa Kisomali ambacho kufikia wakati huo nilikielewa vya kutosha.

"Abaayo. Dada yangu. Najua umeinusa kaseti hii kabla ya kunisikiliza, kama ulivyonusa kila chombo cha maziwa nyumbani."

Mama Kaseti aliweka kiganja mdomoni.

"Usinigombeze. Nimezunguka Elwak nzima, hakuna nyingine. Tumevuka mpaka juzi na watoto wangu wawili, tuko wazima. Nilikuwa napita na maji nyuma ya hoteli ya chai, nikasikia mtu anamtaja babu yetu. Nilidhani uko ndani. Niliingia kukutafuta kwenye meza za wanaume, abaayo, wakanicheka. Wanasema kaseti hiyo wameichezesha mpaka imewachosha. Lakini ilikuwa safi. Nilisikia hata unavyovuta pumzi. Nilikujua kabla hujasema uko wapi. Nitume nini zaidi? Niko hapa. Sihami. Ulizia mwanamke wa Kismayu anayeuza maji."

Makwaruzo yakarudi, na utepe ukaendelea mtupu. Mama Kaseti aliinama akaitazama redio kwa karibu, kitufe cha kurekodi, akahakikisha hakijabonyezwa. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, na mimi nikalia naye, na watu waliokuwa nje wakaanza kugonga mlango wakidhani kuna msiba.

Alipomaliza alijifuta uso kwa shashi yake ya kichwani, akaitoa kaseti, akavunja vimeno. Tak, tak. Kisha akageukia rafu kutafuta ya kujibia. Akashika moja, akainusa, akaipima, akairudisha. Akashika nyingine, akaizungusha, akairudisha. Alikwenda nazo hivyo rafu ya juu mpaka ya chini, kaseti alizozichagua mwenyewe, zilizokaa paani, ambazo wateja walitoka mbali kuzifuata.

"Hizi nzuri, mama," nikasema. "Wewe mwenyewe umezipitisha."

"Nzuri kwa watu," akanijibu. Akakaa kigodani, kigoda cha wateja, ambacho sikuwahi kumwona amekikalia. Alinyoosha kidole kwenye kitufe cha kurekodi, akakirudisha. Kisha akasimama akatafuta viatu.

"Lori ya Elwak inatoka leo?"

"Inatoka baada ya adhuhuri."

Alifungasha nguo mbili na blanketi. Kaseti ya mdogo wake aliifunga kwa kitambaa akaitia kifuani, ndani ya nguo. Akatoa ufunguo wa duka akanikabidhi mimi, ambaye mara ngapi sijui aliniambia kwamba sina masikio.

"Mtu akitaka ya tisini," alisema, "mwambie hakuna."

Akaenda, anatembea upesi kuliko nilivyowahi kumwona, viatu vikiwa miguuni safari hii. Nilifungua mlango wa duka. Mtu wa kwanza kuingia alikuwa mzee mwenye ndevu nyekundu, ana salamu nyingi za kutuma, anataka ya dakika tisini. Nikamwambia hakuna.